Riwaya Isiyo na Mtihani

Ingia steshenari yoyote iliyo jirani na shule ya sekondari, iwe Temeke, Morogoro au Mwanza, useme unataka uhakiki. Muuzaji atanyoosha mkono kwenye rafu iliyo juu ya mashine ya fotokopi akupe bunda la karatasi lililopigwa pini: Takadini, Watoto wa Mama N'tilie, Joka la Mdimu, zote zimeshachambuliwa. Dhamira kuu, dhamira ndogondogo, migogoro, falsafa ya mwandishi, wahusika, muundo, mtindo, na mwisho kabisa kipengele nikipendacho kuliko vyote, kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi, ambapo mtu asiyejulikana jina anampa Emmanuel Mbogo maksi. Ukivuka Namanga kuingia Kenya mambo ni yaleyale, ila bunda limekuwa kijitabu chenye jalada na linaitwa mwongozo. Mwanafunzi mwerevu anaweza kupita mtihani wa fasihi bila kuifungua riwaya yenyewe, na wengi hupita hivyo.

Sina ugomvi na steshenari. Ada imelipwa, mtihani uko Novemba, mtoto afanyeje? Ugomvi wangu ni na sisi wakubwa tuliotoka darasani na bunda lile kichwani. Inapotoka riwaya mpya ya vijana, ambayo hakuna aliyeiandikia nukuu, tunaihakiki kana kwamba Baraza la Mitihani linasubiri majibu yetu. Soma tahakiki za magazetini: mwandishi amefaulu kuonyesha athari za dawa za kulevya kwa vijana. Kwani iko riwaya iliyowahi kuonyesha faida zake? Kijana wa miaka 16 hapati humo sababu hata moja ya kwenda kukitafuta hicho kitabu, na hakika tahakiki hiyo haikuandikwa kwa ajili yake. Imeandikwa kwa ajili ya mwalimu wake.

Na kukitafuta kwenyewe ni kazi. Kwa Kiswahili, soko la vitabu vya vijana ni shule. Riwaya ikiingia kwenye orodha ya vitabu teule huchapwa mwaka baada ya mwaka. Isipoingia, huchapwa nakala chache, zikakaa ghalani, na nyingine mwandishi akazibeba begini mwake kutoka semina hadi semina. Kenya hubadilisha orodha kila baada ya miaka michache: Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora ilipotoka iliingia Chozi la Heri ya Assumpta Matei, kisha Nguu za Jadi ya Clara Momanyi. Tanzania ilikaa na majina yaleyale zaidi ya miaka kumi, hata kaka mtu akamwachia mdogo wake kitabu pamoja na uhakiki wake, ukurasa wenye doa la chai ukiwa uleule. Ukiona hivyo huwezi kumlaumu kijana anayedhani kwamba fasihi ya Kiswahili iliisha pale orodha ilipoishia.

Juu ya orodha kuna muhuri. Tanzania ni ithibati, Kenya ni idhini ya taasisi ya mitaala, KICD. Mzazi ana haki ya kujua mwanawe anapewa nini shuleni, hilo halina mjadala, na serikali huwa haichelewi kulikumbuka: Februari 2023 Wizara ya Elimu ya Tanzania ilipiga marufuku shuleni vitabu 16, ukiwemo mfululizo wa Jeff Kinney wa Diary of a Wimpy Kid, ambao watoto wa shule za Kiingereza walikuwa wakiazimana hadi majalada yakachanika. Lakini muhuri hauishii kwenye jalada. Unaingia hadi ndani ya sentensi. Mhariri anayewinda ithibati huanza kufuta mapema, kabla hajaambiwa na mtu: busu linageuka kushikana mikono, kushikana mikono kunageuka kutazamana, mwalimu mlevi anageuka jirani mlevi. Ukisoma riwaya ya vijana na ukaona mapenzi ya watu wa miaka 17 yanaendeshwa kwa barua za kuazimana kalamu, usimcheke mwandishi peke yake.

Kwa hiyo mhakiki wa riwaya mpya ni mtafutaji kwanza, mwandishi baadaye. Mahali pa kuanzia ni tuzo, maana tuzo hulazimisha vitabu vitoke maghalani. Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, inayosimamiwa na chama cha wachapishaji wa Kenya, ina kitengo cha vijana kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na orodha ya walioingia mchujo wa mwisho ina faida kuliko jina la mshindi. Maonyesho ya vitabu ya Nairobi, pale Sarit Centre kila Septemba, ni mahali ambapo mchapishaji anaweza kukuambia kwa mdomo kitabu gani kinalala na kwa nini. Tanzania ina Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023. Kabla yake palikuwa na Tuzo ya Burt, iliyoendeshwa na Mradi wa Vitabu vya Watoto kwa fedha za mfadhili wa Kanada, ambayo haikuishia kumpa mwandishi hundi: ilinunua maelfu ya nakala na kuzipeleka shuleni na maktabani. Mpango mzuri kabisa. Tatizo ni kwamba ilianza kwa kuzawadia vitabu vya Kiingereza, kwa sababu sekondari zetu hufundisha kwa Kiingereza, na hivyo kwa miaka kadhaa mwandishi wa Dar es Salaam aliyetaka kumwandikia kijana wa Dar es Salaam na kulipwa vizuri alipaswa kuiweka lugha yao wote wawili pembeni.

Baada ya tuzo, tembea. Nairobi utainama kwenye vitabu vilivyotandazwa kando ya barabara, na ndiyo maana maduka hayo huitwa inama. Utakavyokuta huko ni vikuukuu, lakini vinakufundisha jambo ambalo maonyesho hayafundishi: kipi kilisomwa mpaka kikachakaa. Waliokuwa sekondari miaka ya 1980 bado wanavitafuta vijitabu vya Pacesetters vya Macmillan, vile vyembamba ambavyo David Maillu aliviandikia, na waliopenda Kiswahili wanamtafuta Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Nyuma yao wote yuko Bwana Msa wa Mohamed Said Abdulla, aliyeanza kazi ya upelelezi mwaka 1960 katika Mzimu wa Watu wa Kale. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyeandikiwa kitabu kimoja akaachwa. Msomaji kijana hafuati kitabu, anafuata mtu. Akimpenda Joram Kiango anataka kujua Joram atafanya nini mwezi ujao. Wachapishaji wetu wa leo hutoa riwaya moja ya vijana, mhusika akafunga ndoa au akapata ufadhili wa masomo, ikaisha, kisha wanashangaa kwamba msomaji hakurudi.

Anayemfuata mtu siku hizi anamfuata kwenye simu. Huko ndiko riwaya mpya ya vijana ya Kiswahili inakoandikwa kila usiku, na wahakiki wengi tunajifanya hatuioni. Ilitoka kwenye magazeti ya udaku, ambako hadithi za Eric Shigongo zilifanya watu wanunue toleo la wiki kwa ajili ya ukurasa mmoja tu, ikahamia Facebook na WhatsApp. Utaratibu unajulikana: sehemu za mwanzo bure, kila moja ikiishia na neno itaendelea, na pale moto unapowaka mwandishi anaweka namba ya simu. Tuma pesa, utaingizwa kwenye kundi, utapata zilizobaki. Mwandishi huyo hana mhariri, hana mchapishaji, hana ithibati, lakini anajua kitu ambacho wengi wenye hivyo vyote hawakijui: anajua msomaji aliondoka sehemu ya ngapi, kwa sababu malipo yalikoma.

Nimesoma nyingi za namna hiyo, na uamuzi wangu ni kwamba zinaanza vizuri kuliko riwaya zilizochapwa na zinaisha vibaya zaidi. Sehemu ya kwanza haina utabiri wa hali ya hewa wala jua linalochomoza nyuma ya mlima. Mtu anapokea simu, sauti inasema jina la marehemu, twende. Lakini kwa kuwa kila sehemu lazima iishe na kitu, milango inagongwa usiku kucha, na ikifika ya arobaini umeshasahau nani alikuwa anamtafuta nani. Mwisho huandikwa haraka, wasomaji wakiwa wameshahamia hadithi nyingine. Isitoshe hazina lebo. Hadithi ya binti wa kidato cha pili inaweza kufika mahali ambapo binti wa kidato cha pili hapaswi kufikishwa, na kumwambia mzazi hivyo bila kupiga kelele za maadili ni sehemu ya kazi ya mhakiki.

Sasa kitabu umekipata. Unaanzia wapi?

Mimi huanza na swali la macho: hadithi hii inatazamwa na nani, na uamuzi wa mwisho anaufanya nani? Chukua mfano uliosomwa na maelfu ya vijana wa Kenya, Shogake Dada Ana Ndevu ya Alifa Chokocho, iliyomo katika mkusanyiko wa Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine. Safia ni binti wa kusifiwa, hodari darasani, mtiifu nyumbani. Wazazi wake wamelewa sifa zake. Ana rafiki anayekuja kusoma naye chumbani, Kimwana, aliyejifunika buibui. Mdogo wake Safia ameona kitu, akasema: shoga wa dada ana ndevu. Wakubwa hawataki kusikia. Safia anapata mimba na anakufa katika kuitoa.

Kama hadithi ya upofu wa wazazi, ni ya kusifika. Kila sifa wanayommiminia binti inakaza kamba shingoni mwao, na mwandishi haingilii kuwasuta. Anawaacha waendelee kuongea. Lakini angalia tulipokaa sisi wasomaji muda wote. Tumekaa sebuleni na wazee. Mlango wa chumba cha Safia umefungwa, na mwandishi hatufungulii. Niliisoma na kikundi cha wanafunzi wa kidato cha tatu, wavulana na wasichana, na nilipotegemea tuzungumzie malezi, kwa kuwa ndiyo dhamira kuu iliyoandikwa kwenye kila mwongozo, msichana mmoja aliuliza, "Sasa mwalimu, Safia mwenyewe alikuwa anawaza nini?" Mwenzake akamjibu kwamba hilo halimo kwenye hadithi. Akasema anajua halimo, ndiyo maana anauliza.

Swali lile linatosha kuwa tahakiki nzima. Hadithi hii inamhusu kijana ila haikuandikwa kutokea aliposimama. Simlaumu Chokocho, kwa kuwa hakuahidi kitabu cha vijana; ni sisi tuliowapa vijana waifanyie mtihani. Kinachonishangaza ni jinsi mtazamo huu wa sebuleni ulivyoambukiza riwaya zinazoandikwa makusudi kwa ajili ya vijana, zenye picha ya vijana jaladani na neno vijana mgongoni. Binti anaingia matatani sura ya pili, na kuanzia hapo kitabu kinachukuliwa na watu wazima: mjomba, mwalimu wa malezi, mchungaji au shehe, afisa wa shirika lenye gari jeupe. Sura ya mwisho wote wamekaa mkutanoni na binti anasikiliza.

Weka pembeni yake Siku Njema, riwaya ya Walibora ya mwaka 1996. Kongowea Mswahili, mtoto wa mwimba taarabu wa Tanga, anafiwa na mama, anateswa na ndugu, kisha anafunga safari kwenda Kitale kumtafuta baba asiyemjua. Ukitaka kuikosoa, nyenzo zipo tele. Sadfa ni nyingi kupita kiasi. Watu wanakutana njiani kana kwamba Afrika Mashariki ni mtaa mmoja. Kiswahili chake mara nyingine kinajitazama kwenye kioo. Lakini Kongowea anasimulia mwenyewe, na hakuna anayemtuma Kitale. Anaondoka kwa miguu yake, anakosea kwa akili yake, na msomaji wa miaka 15 anamsamehe Walibora sadfa zote kwa sababu mvulana yuko barabarani na hatujui atalala wapi. Mwandishi huyu alifariki Nairobi Aprili 2020, na bado ni jina la kwanza linalotajwa ukiwauliza Wakenya wengi riwaya gani ya Kiswahili iliwafanya wasome nyingine.

Baada ya macho, sikiliza mazungumzo. Soma ukurasa mmoja wa vijana wakiongea kwa sauti, ukiwa jikoni au kwenye daladala, usijali wanaokutazama. Wakisikika kama taarifa ya habari ya saa mbili usiku, andika hivyo. Na wakiongea lugha ya mtaani, angalia kama kila neno la mtaani limevishwa alama za kunukuu, maana hizo ni glovu za mhariri: anashika neno bila kuligusa. Vibonzo vya Shujaaz vya Kenya vilianza mwaka 2010 vikiongea Sheng tangu kiputo cha kwanza, havikuomba radhi, na miaka miwili baadaye vikashinda tuzo ya kimataifa ya Emmy. Hatari ya upande wa pili ipo pia. Neno la mtaani huzeeka haraka, na riwaya iliyojaa misimu ya mwaka ilipochapwa itasikika kama mjomba aliyevaa kofia ya mwanawe. Mwandishi stadi huchagua maneno machache yaliyokomaa, halafu anawaacha vijana wake wakatizane, wanyamaze, wadanganye.

Majina nayo yanasema mengi. Katika Kidagaa Kimemwozea kuna Mtemi Nasaba Bora, kuna Mwalimu Majisifu, kuna Amani na Imani, na Walibora aliuendesha mchezo huo kwa kejeli. Walioiga wamebaki na majina bila kejeli. Ukikutana na kijana mzuri anayeitwa Tumaini na mbaya anayeitwa Shari kabla hawajafanya lolote, huna haja ya kusoma kwa kalamu mkononi, umeshaambiwa yote. Hapo mimi hufunga kitabu nikampa kijana halisi, kwa sababu yawezekana nimechoka tu.

Na nikimpa kijana kitabu simuulizi amejifunza nini. Swali hilo hurudisha bunda la karatasi mezani. Atakujibu kwa dhamira. Ninauliza: uliachia ukurasa wa ngapi? Jibu lake ni la kweli karibu kila mara, hata kwa mtoto mwenye adabu asiyependa kuniudhi. Aliyeachia ukurasa wa 30 anaweza kukuonyesha na kidole palipomchosha. Aliyemaliza hukumbuka jambo dogo ambalo hakuna mwongozo ungelitaja, kama vile mhusika alivyoficha simu ndani ya mkate.

Kuandika tahakiki yenyewe hakuchukui muda mrefu ukishajua hayo. Lililo gumu ni ujasiri. Ulimwengu wa vitabu vya Kiswahili ni mdogo. Utakayemkosoa leo utakaa naye meza moja kwenye uzinduzi wa mwezi ujao, penye keki yenye umbo la kitabu na mgeni rasmi ambaye hajakisoma. Ndiyo sababu chini ya kila jalada jipya linalotupwa mtandaoni utakuta hongera nyingi na tathmini sifuri. Mwandishi wa vijana hafaidiki na hongera hizo. Nimeona kitabu kizuri chenye makosa ya uchapaji karibu kila ukurasa kikisifiwa na watu kumi, na si mmoja aliyemwambia mchapishaji aajiri msoma prufu. Mimi humwambia mwandishi ana kwa ana kabla sijachapisha, nikaandika yaleyale niliyomwambia. Wengine wameacha kunisalimia. Wachache waliniletea mswada uliofuata.

Halafu sentensi ya kwanza. Linganisha hizi. Hadithi hii inahusu malezi na athari za mapenzi katika umri mdogo. Au: binti anayesifiwa nyumba nzima anasoma chumbani na rafiki aliyejifunika buibui, na mdogo wake peke yake ndiye aliyeona ndevu. Ya pili haikumaliza hadithi, haikufundisha kitu, na mtu wa miaka 15 ameshauliza imo kwenye kitabu gani. Miongozo humweleza msomaji kifo cha Safia kwenye aya ya kwanza kwa sababu mtihani hauna siri. Tahakiki inayo, na nusu ya ufundi wake ni kujua pa kukomea.

Lililobaki ni la kidunia kabisa, na wahakiki wengi hulisahau: kitabu kinapatikana wapi? Kwa Kiswahili hili ni swali zito. Taja mchapishaji, bei, duka linalokiuza, na kama hakuna duka, sema mwandishi anakiuza mwenyewe na hukituma mikoani kwa basi, nauli ya kifurushi ni ya mnunuzi. Ulizia kwanza kama nakala bado zipo. Kama zimekwisha na hakuna mpango wa kuchapa tena, andika hilo pia, kwa herufi zilezile ulizoandikia sifa, na umtumie mchapishaji gazeti.